Nyakio Akisimama

Kila Jumapili baada ya ibada, wageni walikuja kumwona Nyakio. Walileta mkate, maziwa na majani chai. Walileta pia nyimbo, na nyimbo zao zilikuwa na beti nyingi.

Nyakio aliishi Huruma, mjini Eldoret, katika vyumba viwili vya kupanga ndani ya ploti yenye wapangaji wengi. Mume wake, Odera, alichomelea milango na madirisha ya chuma kwenye kibanda kando ya barabara. Binti yao, Lynette, aliuza nguo za mitumba. Walikuwa watu wa kawaida, wa chai asubuhi na ugali na sukuma wiki jioni.

Lakini Nyakio alikuwa amechoka. Uchovu wake haukuwa wa kazi. Kwake, kusimama tu kulikuwa kazi. Akiinuka kuchota maji ya kunywa, kifua kilibana, kizunguzungu kilimshika, na midomo yake iligeuka kuwa ya buluu. Akilala chali, alitulia. Kwa hiyo alilala. Ukilala mchana Huruma, ploti nzima itajua, na ploti nzima itakuwa na maoni.

Jumapili hakuruhusiwa kulala. Ni aibu kumsalimu mgeni ukiwa umelala, kama unaweza kuketi. Basi Lynette alimwinua mama yake, akampangia mito mgongoni, akamketisha wima kwenye kiti chenye vitambaa vyeupe. Mbele yake waliketi akina mama wa kanisa wakiongozwa na Mama Selpha.

"Oneni vile amekuwa," Mama Selpha alisema siku moja. "Midomo imebadilika. Tuombe tena."

Waliomba tena. Walipozidi kuomba, Nyakio alizidi kubadilika rangi. Mmoja wao alilia. Walipoondoka, Nyakio alijitupa kitandani, akalala chali. Kabla chai iliyobaki vikombeni haijapoa, rangi yake ilikuwa imerudi. Lakini sasa hapakuwa na mgeni wa kuiona.

Sisemi maombi yalikuwa mabaya. Nasema kiti kilikuwa kibaya, na hakuna aliyekishuku.

Kila mtu alisema anajua ugonjwa wa Nyakio umetoka wapi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika vita vya kikabila baada ya uchaguzi, nyumba yao ya Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret, ilichomwa. Nyakio ni Mkikuyu. Odera ni Mjaluo kutoka Alego. Waliokuja na moto hawakuuliza mengi. Nyakio aliingia ndani kumtoa Lynette, ambaye alikuwa bado mdogo, akameza moshi mwingi. Walikaa miezi kadhaa kwenye hema la wakimbizi, kisha wakapanga Huruma. Shamba la Yamumbi waliliachia nyasi.

Tangu hapo, lawama zote zilikwenda kwa ule moshi. Nyakio akikohoa, ni moshi. Akikosa usingizi, ni moshi. Miaka mingi baadaye alipoanza kukosa pumzi, nani angetafuta sababu nyingine? Hata yeye mwenyewe, kila alipofika kliniki, alianza hivi: "Mimi nilimeza moshi wakati wa vita." Basi walimpa dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Haikusaidia. Walimpima kifua kikuu. Hakuwa nacho. Na kila alipopimwa, alikuwa amelazwa kitandani, kwa hiyo alionekana mzima.

Uchaguzi wa mwaka 2017 ulipokuja, alizidiwa. Watu wakasema ni wasiwasi. Mwaka uliofuata hakuna aliyekuwa na wasiwasi tena, na Nyakio alikuwa bado kitandani. Sasa wakasema ni uvivu. Nyakio alichoka kubishana nao.

Jumapili moja, wageni wa kanisa walipokwisha kwenda, Johnstone aliwasili kutoka Alego. Johnstone ni kaka mkubwa wa Odera. Aliketi kwenye kiti kile chenye vitambaa. Nyakio alikuwa kitandani, nyuma ya pazia.

"Mabati imefika," Johnstone alisema. "Mbao inakuja wiki hii. Fundi anasema nyumba itasimama kabla mvua ianze."

"Ongea pole pole," Odera alisema.

Pazia si ukuta. Nyakio alisikia yote, na alielewa. Kwa desturi ya kina Odera, mwanamke aliyeolewa huzikwa mbele ya nyumba yake, katika boma la mume wake. Odera hakuwa amejenga Alego. Pesa zake zote za ujana alizijenga Yamumbi, zikaungua. Mke akifa bila nyumba nyumbani, watu husimamisha kibanda haraka haraka kabla ya maziko, na majirani huhesabu makosa. Johnstone hakutaka aibu hiyo.

"Baba Lynette," Nyakio aliita kutoka nyuma ya pazia. "Hiyo nyumba ni ya nani?"

Odera alivuta pazia, akasimama hapo akitazama sakafu.

"Ni yako," alisema.

"Nitaingia lini?"

Odera aliendelea kutazama sakafu. Nyakio hakukasirika, maana hasira nayo inataka pumzi. Alimtazama mume wake, akamwonea huruma.

"Basi weka dirisha kubwa," alisema. Kisha akageukia ukuta.

Odera hakuwahi kufanya kazi Jumapili. Siku hiyo alikwenda kwenye kibanda chake, akakata vyuma, akaanza kuchomelea dirisha. Jirani yao, Chepngetich, alipita hapo akitoka zamu ya mchana. Alishangaa kuona cheche siku ya Jumapili. Alishangaa zaidi Odera alipovua miwani ya kuchomelea, kwa sababu macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mzee Odera, kuna nini?"

Odera alimweleza yote, kwa sababu alikuwa amechoka kuficha.

Chepngetich alikuwa muuguzi katika hospitali kubwa mjini. Kwao ni Kaptagat. Aliishi ploti moja na Nyakio, chumba cha tatu kutoka kwao. Kwa miaka mingi wanawake hao wawili walisalimiana kwenye kamba ya nguo, basi, ikaishia hapo. Chepngetich hakuchoma nyumba ya mtu. Mwaka 2008 alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, akifunga vidonda vya watu wa kila kabila. Lakini Nyakio aliposikia jina lile la Kikalenjin, la kabila la wale waliokuja na moto, moyo wake ulijifunga. Hakupenda kuwa hivyo. Alikuwa hivyo tu.

"Naweza kumwona?" Chepngetich aliuliza.

Walipofika, Lynette alifanya kama kawaida. Alimwinua mama yake, akapanga mito, akamketisha wima. Chepngetich alisogea karibu. Alitazama midomo ya Nyakio. Alitazama kucha zake. Vyote vilikuwa vinabadilika rangi mbele yake.

"Kwa nini mnamketisha hivyo?" aliuliza.

"Si mgonjwa wa pumzi anaketi?" Lynette alijibu. "Na wewe ni mgeni."

"Ni kweli, wengi wakiketi ndio wanapata nafuu. Mtu akikosa pumzi, usimlaze kwa nguvu. Lakini Mama Lynette, hebu niambie wewe mwenyewe. Unapumua vizuri ukiwa aje?"

Nyakio alimtazama. Katika kliniki zote alizopita, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Nikilala," alisema.

"Na ukisimama?"

"Nikisimama, nakufa kidogo."

Kesho yake Chepngetich alirudi na kipimo kidogo cha kubana kidole. Kipimo hicho huonyesha damu imebeba oksijeni kiasi gani. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo.

Kwanza alimpima Nyakio akiwa amelala. Kilionyesha tisini na tano. "Hiyo ni sawa," alisema. Kisha akamwomba aketi, halafu asimame, huku Lynette akimshika mkono. Namba zilianza kushuka. Zilifika sabini na tisa.

"Hiyo mashine ni mbovu," Odera alisema.

Chepngetich alijipima mwenyewe akiwa amesimama. Tisini na nane. Akampima Nyakio tena. Akilala, namba zilipanda. Akisimama, zilishuka.

Lynette alifunika uso kwa mikono. "Ni mimi nimekuwa nikimketisha kila Jumapili."

"Ulifanya vile kila mtu angefanya," Chepngetich alimwambia. "Sasa sikizeni. Mimi si daktari wa moyo, lakini kuna kitu nashuku. Moyo una vyumba. Upande wa kulia unapokea damu iliyotoka mwilini. Hiyo damu imechoka, haina oksijeni ya kutosha. Inapelekwa kwa mapafu ipate hewa. Halafu inarudi upande wa kushoto na kutumwa mwilini. Katikati kuna ukuta, ndio hizo damu mbili zisichanganyike. Mtoto akiwa tumboni, huo ukuta una kamlango, kwa sababu bado hapumui. Akizaliwa, kamlango kanajifunga."

"Na kasipojifunga?" Odera aliuliza.

"Watu wengi wako nako na hawajui, hakawasumbui. Lakini wachache, mtu akianza kuzeeka, mwili unabadilika ndani. Mshipa mkubwa unapanuka, au mgongo unapinda, na moyo unavutwa upande. Akisimama, kamlango kanafunguka. Ile damu iliyochoka inapita hapo, inaenda mwilini bila kuonana na mapafu. Akilala, kanarudi mahali pake."

Odera aliwaza kazi yake.

"Nimeona milango kama hiyo," alisema. "Nyumba ikishuka upande mmoja, fremu inapinda. Komeo haishiki tena. Mlango unafunguka wenyewe."

"Ndio hivyo hasa."

Nyakio alikuwa amelala, macho yake kwenye dari. "Kwa hivyo si moshi?"

"Sidhani ni moshi, mama. Kama ni huo mlango, umezaliwa nao."

Nyakio alilia. Kwa miaka kumi aliamini kwamba watu wale wa Yamumbi walikuwa bado wanamuua, siku baada ya siku, bila hata kumkumbuka. Alikuwa amewachukia kwa kila pumzi aliyoikosa. Sasa hakujua aiweke wapi chuki yote hiyo. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Twende hospitali," Chepngetich alisema. "Nitakupeleka mimi."

"Nimechoka na hospitali, sista. Wacha wanipeleke Alego. Mabati ya nyumba imefika."

"Mimi naomba siku moja tu."

"Kwani wewe unajisumbulia nini?"

Chepngetich alielekeza kidole nje. "Mimi nakaa mlango wa tatu kutoka hapa," alisema. "Nitakuwa nikipita hapo kila siku nikijua ningeweza kusaidia."

Nyakio alifuta macho. Alikubali.

Hospitalini daktari aliitwa Kituyi. Alikuwa daktari wa moyo, mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimwambia Nyakio apande kitandani alale, apimwe.

Nyakio alisimama hapo hapo akishikilia kitanda.

"Daktari," alisema kwa shida, "nimepimwa nikiwa nimelala mpaka nimechoka. Leo nipime nikiwa nimesimama."

Daktari Kituyi aliweka kalamu chini. Alimpima akiwa amesimama, kisha akiwa amelala. Baada ya hapo hakuuliza tena habari za pumu.

Nyakio alifanyiwa picha ya moyo, ile ya kupitisha kifaa kifuani juu ya mafuta baridi. Walimdunga mkononi maji ya chumvi yenye mapovu madogo sana. Daktari aligeuza skrini ili Odera aone. Mapovu yalijaa upande wa kulia wa moyo, meupe. Nyakio alipokuwa amelala, machache tu yalivuka. Walipoinua kitanda akaketi, yalimiminika upande wa kushoto.

"Hapo ndipo mlango ulipo," daktari alisema.

"Na mkimpatia oksijeni ya mtungi, haitatosha?" Odera aliuliza.

"Itamsaidia kidogo tu. Hewa inaingia kwa mapafu, lakini damu nyingine haipiti huko kuichukua. Na kuna hatari nyingine. Damu ikiganda mguuni, kipande kinaweza kupita kwa huo mlango kikaenda kwa ubongo, apate kiharusi. Afadhali tufunge."

"Mtampasua kifua?"

"Hapana, mzee. Tutatoboa hapa kwa kinena, tundu dogo. Tunapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka kwa moyo. Ndani ya mrija kuna kifaa kimekunjwa. Kikifika kwa mlango kinafunguka, sahani moja huku, nyingine kule, kinabana ukuta kama kifungo cha shati. Mrija unatolewa, kifaa kinabaki. Baadaye nyama ya moyo inakua juu yake."

"Mnakichomelea?" Odera aliuliza. Hakuwa anatania.

"Hatuchomelei. Hakuna moto."

"Basi nitakubali," Nyakio alisema.

Daktari aliwaeleza pia kwamba kuna vipimo vingine kwanza. Kama presha ya mapafu iko juu sana, kufunga mlango kunaweza kumdhuru mgonjwa. Kwa hiyo mlango huo usifungwe kwa kubahatisha. Presha ya Nyakio ilikuwa sawa. Aliambiwa arudi nyumbani angojee zamu yake.

Alingoja majuma mengi. Mtu aliyezoea kuchoka huzoea pia kungoja. Lakini nyumbani jambo moja lilibadilika. Jumapili iliyofuata, Lynette alisimama mlangoni kabla wageni hawajaingia.

"Mama atawasalimu akiwa amelala," alisema. "Ni maagizo ya hospitali."

"Tumsalimie kitandani kama mtoto?" Mama Selpha aliuliza, na ilionekana hakupendezwa. Lakini aliingia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Aliomba maombi yake yote. Alipofungua macho, alimtazama Nyakio kwa muda mrefu.

"Leo midomo haijabadilika," alisema taratibu. Aliondoka akiwa ameinamisha kichwa, na nadhani alikuwa anakumbuka Jumapili zote zilizopita.

Siku ya kufunga mlango ilifika. Nyakio alilazwa kwenye chumba chenye mashine kubwa za picha, akapewa dawa ya usingizi. Odera alibaki nje kwenye benchi pamoja na Johnstone, aliyekuwa amefika kutoka Alego. Johnstone alikuja amevaa koti lake jeusi la mazishi. Odera aliliona lile koti, akageuza uso.

Kazi haikuchukua muda mrefu kama walivyoogopa. Daktari Kituyi alitoka akivua kofia. "Mlango umefungwa," alisema. "Lakini tutajua akisimama."

Kesho yake asubuhi, Chepngetich alikuja wodini akiwa na kile kipimo cha kidole. Nyakio aliweka miguu sakafuni. Aliogopa. Mwili wake ulikuwa umejifunza kwamba kusimama ni kuumia, na mwili hausahau upesi. Lynette alimshika upande mmoja, Chepngetich upande wa pili.

Alisimama. Alingoja kifua kibane. Hakikubana. Alingoja kizunguzungu. Hakikuja.

"Tisini na sita," Chepngetich alisoma. Sauti yake ilikatika kidogo. "Umesimama, na ni tisini na sita."

Nyakio aliangalia nje, kwenye miti na watu waliokuwa wakipita. "Kumbe kuna dirisha hapa," alisema. "Nilikuwa naona dari tu."

Aliruhusiwa kwenda nyumbani na maagizo. Ameze dawa za kuzuia damu isigande, bila kuruka siku. Asibebe kitu kizito mpaka daktari aseme. Akienda kung'olewa jino, aseme kwanza ana kifaa moyoni. Arudi kupigwa picha tena. Aliyafuata yote.

Sitawadanganya kwamba uchovu wote ulikwisha. Mtu akichoma takataka nyuma ya ploti, Nyakio bado alishtuka na kuita jina la Lynette. Ule ni moshi wa kweli, na kifaa cha moyo hakiugusi. Chepngetich alimwonyesha mshauri pale hospitalini anayezungumza na watu waliopitia vita, naye alikwenda. Alikwenda kwa miguu yake.

Mvua zilipopungua, Johnstone alipiga simu akitaka kujua afanye nini na mabati, kwa kuwa nyumba ya Alego haikujengwa. Nyakio ndiye aliyejibu.

"Shemeji, yalete Yamumbi."

"Yamumbi? Na nyumbani je?"

"Nyumbani tutajenga. Nitakuja mwenyewe nichague mahali. Lakini saa hii nataka nyumba ya kuingia nikiwa hai."

Basi mwaka uliofuata, katika shamba lile la nyasi, nyumba ilisimama tena. Odera alikuwa juu ya paa akipigilia mabati ya Alego. Johnstone alikuwa chini, bila koti lake jeusi, akimpokeza. Chepngetich alikuja na chupa mbili kubwa za chai ya maziwa. Alipofika kwenye njia ya kuingia shambani alisita, kwa sababu alijua kilichotokea hapo. Nyakio alimwona, akamwendea, akampokea chupa moja. Walitembea pamoja mpaka kwenye nyumba. Kwenye ukuta wa mbele lilikuwa limekwisha kuwekwa dirisha kubwa la chuma, lile lililochomelewa Jumapili.

Nyakio alirudi kushikilia ngazi. Mfuko wa aproni yake ulikuwa umejaa misumari.

"Mama Lynette," Odera aliita kutoka juu. "Umesimama tangu asubuhi. Si ulale kidogo?"

"Nimelala ya kutosha," Nyakio alisema, akamnyooshea msumari.